Simu Iliyogoma Kufutika

Mtu anaweza kushinda siku nzima akiongea na watu, na jioni akafunga duka bila kuwa ameongea na mtu. Fundi aliligundua jambo hilo muda mfupi baada ya kuhamia mtaa ule, na tangu hapo hakulishangaa tena. Watu walikuja, wakaweka simu zao juu ya kioo cha kaunta, wakasema, "Haichaji," au "Imeingia maji," au "Inajizima yenyewe." Naye akawajibu, "Iache, upitie jioni." Jioni walipita, wakachukua, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza fundi ameamkaje. Na kwa nini waulize? Fundi ni kama daraja: unalivuka, hulisalimii.

Bango lililokuwa juu ya mlango lilisema MAFUNDI SIMU, kwa wingi. Walikuwa wawili walipolichora, yeye na rafiki yake wa chuoni waliyesoma naye kompyuta, na waliapiana kwamba wataanza padogo na kumaliza pakubwa. Kabla rangi ya bango haijakauka vizuri, rafiki akapata kazi mji mwingine. Alilia, akamkumbatia, akaahidi kupiga simu kila siku, na kwa siku za mwanzo alipiga kweli. Sasa wateja wapya waliposoma bango walichungulia ndani na kuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Fundi akajizoeza kujibu, "Ametoka kidogo."

Wazazi wake walikwishatangulia mbele ya haki. Alikuwa na kaka mmoja, mtu wa maneno ya kuhesabika hata mkiwa meza moja, sembuse mkiwa mbali. Kwa hiyo simu yake mwenyewe, ya mtu anayetengeneza simu za mtaa mzima, ililia kwa sababu moja tu: "Fundi, ile yangu tayari?"

Jirani yake wa pekee alikuwa mshonaji aliyeitwa Mama Pindo. Vibanda vyao vilitenganishwa na ubao mwembamba, na cherehani ya Mama Pindo ilinguruma upande wa pili mchana kutwa. Ilinyamaza kwa mambo mawili tu: uzi ukikatika, au kukiwa na maneno ya kusikiliza upande wa Fundi.

Alasiri moja ikaingia sauti kabla mwenyewe hajaingia.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Mwenye sauti alikuwa mzee mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya grisi magotini.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Eeh?"

"Shikamoo," Fundi akapaza.

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu. Masikio yangu nimeyaacha kazini."

Cherehani ikanyamaza. "Huyo ni Mzee Pampu wa mitambo ya maji," Mama Pindo akasema nyuma ya ubao. "Ongea naye kama unagombana naye. Kwake hiyo ndiyo adabu."

Mzee Pampu hakusikia neno. Alitoa simu mfukoni, akaifuta kwa kiganja, akaiweka juu ya kioo taratibu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa.

"Nataka uifute," akasema. "Yote. Picha, majina, ujumbe. Iwe kama ilivyotoka dukani. Kuna mlinzi pale kazini hana simu. Nitampa."

"Picha nikuhifadhie?"

"Usihifadhi kitu."

"Na laini?"

"Ivunje."

"Unachukua namba nyingine?"

Mzee akatabasamu kidogo, tabasamu la kumwonea huruma anayeuliza. "Mtu asiyeandikiwa hahitaji namba, mwanangu."

Fundi aliwasha simu ili aone hali yake. Ilichukua muda mrefu, ikisitasita kama mgonjwa anayepanda ngazi. Kisha ikafunguka, na kwenye uso wake ikatokea picha ya msichana akiwa kituo cha basi, begi moja miguuni, mwavuli uliofungwa mkononi, akicheka hadi macho yamefumba.

"Ni binti yangu," Mzee Pampu akasema kabla hajaulizwa. "Mmoja tu. Amekwenda kufanya kazi mbali, kwenye jiko la hoteli kubwa. Siku aliyofika aliniandikia. 'Baba, nimefika salama.' Baada ya hapo, kimya. Miezi inapita." Akatazama pembeni, kwenye kopo la bisibisi. "Akufukuzaye hakwambii toka."

Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa sauti ya kawaida ya watu wengine.

"Pitia kesho jioni," Fundi akapaza.

*

Miongoni mwa mafundi simu, kufuta ni dawa ya maradhi yote. Simu nzito, futa. Simu imesahau neno la siri, futa. Simu inajizima, futa kwanza, mengine baadaye. Ni kazi ambayo Fundi aliifanya akiwa anakunywa chai. Lakini alikuwa na mwiko wake: hakutazama picha za watu wala hakusoma ujumbe wao. Simu ikifunguka mahali pa siri, aliigeuza kifudifudi mezani mpaka akili yake itulie. Alijijua. Mtu mwenye njaa hapaswi kupewa kazi ya kulinda jiko la jirani.

Aliichomoa laini ya mzee, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akachagua kufuta kila kitu, akathibitisha. Simu ikazima. Ikawaka. Ikasitasita.

Msichana akatokea, anacheka.

"Haya," Fundi akasema peke yake.

Akaizima. Akabana kitufe cha sauti pamoja na cha kuwashia mpaka ikatokea ile menyu nyeusi wanayoijua mafundi. Ndani ya simu mna kitu kama nyumba yenye vyumba. Kimoja ni cha mfumo, mwenye nyumba hakigusi. Kingine ni stoo ya vitu vya muda, vya kutupwa wakati wowote. Na kikubwa kuliko vyote ni cha data, ambamo mtu ameweka maisha yake. Alianza na stoo, akaifagia. Akashuka kwenye chumba cha data, akafuta. Maandishi madogo yakasema kazi imekamilika. Akawasha.

Msichana anacheka.

Sasa chai ikapoa. Fundi alileta kompyuta, akaunganisha waya, akaamua kuivunja nyumba nzima na kuijenga upya, vyumba vyote, kuta na dari. Mstari wa kijani ulijaa mpaka mwisho. Kompyuta ikaandika: imefanikiwa. Alikuwa hajawahi kuona simu ikinusurika hapo.

Simu ikasitasita, ikapanda ngazi zake, ikafika juu. Begi moja, mwavuli, macho yaliyofumba.

"Jirani," Mama Pindo akauliza nyuma ya ubao, "unagombana na nani huko?"

"Na simu."

"Nani anashinda?"

"Yeye."

"Basi akuoe tu, umepata anayekuweza."

Fundi hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Alikuwa amekumbuka jambo alilosikia chuoni na ambalo hakuwahi kulishika kwa mikono yake. Alichukua simu ya mzee, akakipiga picha kikombe chake cha chai. Akaifungua picha: kikombe kile pale, mpini wake uliomeguka ukionekana vizuri. Akaizima simu. Akaiwasha. Akatafuta.

Kikombe hakikuwepo.

Akarudia kwa bisibisi. Ilipowaka, bisibisi haikuwepo. Akaandika namba ya uongo kwenye orodha ya majina. Nayo ikayeyuka.

Basi akaelewa. Chipu ya kumbukumbu ilikuwa imefika mwisho wa uhai wake, na kama zinavyofanya baadhi ya chipu zikizeeka, ilikuwa imejifunga. Ilikubali kusomwa, lakini ilikataa kuandikwa na ilikataa kufutwa. Mchana kutwa ingejifanya inapokea: ujumbe ukiingia ungeuona, picha ukipiga ungeiona, kwa sababu vilikaa juu juu, kama vumbi kwenye meza iliyopigwa vanishi. Ukiizima na kuiwasha, vumbi lote linapeperuka, na meza inabaki ilivyokuwa siku ile ilipojifunga.

Siku gani ile?

Kwa hilo ilimbidi auvunje mwiko wake kidogo. Alifungua orodha ya picha huku akitazama tarehe tu, kwa jicho moja, kama mtu anayepita mbele ya dirisha la watu. Picha ya mwisho kabisa ilikuwa ile ya kituo cha basi. Akakumbuka maneno ya mzee: siku aliyofika aliniandikia, baada ya hapo, kimya.

Fundi akaigeuza simu kifudifudi. Nje watu walikuwa wanarudi makwao, viatu vyao vikikwaruza barabara. Alikaa hivyo mpaka Mama Pindo alipofunga kibanda chake na kumgongea ubao kumuaga.

*

"Tayari?" Mzee Pampu akauliza kesho yake, akiwa bado mlangoni.

"Bado. Imegoma."

"Eeh?"

"Imegoma kufutika!"

"Simu nayo?" Mzee akaketi kwenye kiti cha plastiki. "Kila mtu ana mgomo wake siku hizi."

"La kuvunda halina ubani," ikasema sauti nyuma ya ubao. "Mwambie anunue nyingine."

Fundi akaivuta taa ya meza karibu, akaegemea kaunta. "Mzee, nataka kukuuliza. Ukitoka kazini jioni, simu hii unafanyaje nayo?"

"Nafanyaje nayo? Naisoma."

"Kabla ya kuisoma."

Mzee alifikiri, kisha akaeleza pole pole, kwa sauti iliyofika mpaka kona ya barabara. Asubuhi huiwasha na kuichomeka kwenye chaji, kwa sababu usiku akilala huogopa moto. Kazini haendi nayo, hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa nani angeisikia kwenye kelele zile? Kupigiana hawapigiani na binti yake, masikio hayawezi, wao huandikiana. Binti ana nafasi ya kuandika mchana tu, wapishi wakipumzika. Sasa, jioni akirudi, simu huwa nzito kama jiwe. Vijana wa kazini walimfundisha: ikiwa nzito, izime, uiwashe, ipate pumzi.

"Kwa hiyo unaizima kwanza," Fundi akasema.

"Kwanza. Halafu naangalia kama kuna ujumbe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi ni mtu wa mitambo, mwanangu. Mtambo una taratibu zake."

Hili lilikuwa jambo la kusemwa kwa kunong'ona, na aliyepaswa kuambiwa hakusikia minong'ono. Akamweleza, kwa kupaza sauti, huku watu wakipita: kwamba simu imejifunga; kwamba chochote kinachoingia mchana kinapotea akiizima; kwamba huenda binti yake aliandika, na akaandika tena, na yeye kila jioni akafuta kwa mkono wake bila kujua.

Mzee Pampu alimsikiliza akimtazama midomo. Alipomaliza, akatikisa kichwa.

"Una moyo mzuri," akasema. "Hata sura yako inasema. Lakini usinidanganye kwa huruma. Mimi ni mtu mzima."

"Sikudanganyi, mzee."

"Basi mbona hata ninayoandika mimi..." Akasimama hapo. Akautazama mlango, akainama kwenye kaunta mpaka kofia yake ikagusa taa. Alidhani ananong'ona. "Mwanangu, kuna jambo sijamwambia mtu. Nasahau. Jioni namwandikia, namuuliza chumba chake kikoje, kazi ikoje. Nakumbuka kabisa nimeandika. Kesho yake naangalia, hakuna. Sijaandika kitu. Naandika tena. Kesho yake, hakuna. Kule kazini nimeanza kufunga kamba kwenye kila koki niliyoifunga, ili nijue nimeifunga. Maji ya mji mzima yako mikononi mwangu. Mtu asiyejua jana aliandika nini anawezaje kuachiwa maji ya watu? Mwisho wa wiki namwambia msimamizi atafute mwingine." Akanyooka. "Ndiyo maana nimeacha kuandika. Siku nyingi sasa. Na ndiyo maana nasema ifute."

Cherehani haikuwa inanguruma.

Fundi akaisukuma simu mbele ya mzee. "Andika kitu humo. Chochote. Sitakitazama." Akageuza uso kuelekea rafu.

Mzee aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, akipumua kwa pua. Ilichukua muda.

"Soma tena ulichoandika. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Izime. Iwashe."

Fundi akageuka. Simu ikapanda ngazi zake. Msichana akatokea, akicheka. Mzee akatafuta. Akaendelea kutafuta, kidole kikienda juu na kushuka chini. Akaandika tena, safari hii akikaza kidole kwenye kila herufi. Akaizima mwenyewe. Akaiwasha mwenyewe. Akatazama mahali palipokuwa na maneno yake, na hapakuwa na kitu.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, baba."

Neno hilo lilimtoka Fundi bila kuomba ruhusa. Alikuwa hajalitumia kwa muda mrefu sana.

Mzee Pampu alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Kisha akashtuka kama mtu aliyekumbuka mtoto aliyemwacha njiani. "Laini. Nilikwambia uivunje."

Fundi akafungua droo, akatoa kifuniko cha chupa. Laini ilikuwa ndani yake, nzima. "Laini huwa navunja mwisho," akasema. "Watu hubadilisha mawazo."

Akaitia kwenye simu ndogo ya vitufe aliyokuwa nayo dukani kwa ajili ya majaribio, simu isiyojua picha wala muziki, ambayo hata ukiiangusha kisimani ingetoka na kukuuliza saa ngapi. Namba ya binti akainakili kutoka kwenye simu ile mgonjwa. Kusoma bado ilisoma.

"Niandike nini?" mzee akauliza.

"Mwambie simu ilikuwa inasahau."

Aliandika mpaka taa za barabarani zikaanza kuwaka. Akabonyeza kutuma. Wote wawili wakaitazama simu juu ya kioo, kama watu wanaosubiri yai lianguliwe.

"Hatajibu sasa," mzee akasema baadaye. "Yuko kazini. Ni mpaka mchana wa kesho."

"Nenda nayo. Kazini ikikataliwa, iache nyumbani. Ila usiizime."

"Hata nikilala?"

"Hata ukilala. Hiyo haina haja ya chaji usiku."

Akaomba namba ya Fundi, endapo atakwama. Akaiandika mwenyewe, akahakikisha imebaki, akahakikisha tena, kisha akaondoka na ile kofia mkononi.

*

Siku iliyofuata Fundi alijuta.

Haikuanza asubuhi. Asubuhi alikuwa mwepesi, alibadilisha kioo cha mteja huku akipiga mluzi, mpaka Mama Pindo akauliza kama kuna posa imefika. Ilianza mchana, saa ambazo wapishi wa mbali hupumzika. Ghafla akaona alichokifanya. Alikuwa amethibitisha kwamba simu inasahau. Hakuwa amethibitisha kwamba binti anakumbuka.

Je, kama hakukuwa na ujumbe wowote uliopotea? Kama kimya kilikuwa kimya tu, kama kile cha rafiki aliyeahidi kupiga kila siku? Watu huondoka na begi moja, wakicheka, na hawana nia mbaya. Ni kwamba kule wanakokwenda nako kuna asubuhi na jioni, na siku moja wanasahau kuandika, na kesho yake wanaona haya kwamba jana hawakuandika, na haya ile inajenga ukuta. Yeye alijua. Alikuwa upande wa pili wa ukuta wa namna hiyo. Na sasa alikuwa amemtoa mzee wa watu mahali ambapo alikwishakata tamaa, mahali pabaya lakini palipotulia, akamrudisha kwenye kusubiri.

Alivunja bisibisi ndogo kwa kuikaza mno. Mteja mmoja akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" naye akajibu, "Aliondoka," na mteja akachukua simu yake, akatoka.

"Jirani," Mama Pindo akaita.

"Naam."

"Hujala."

"Nitakula."

Kisha chini ya ubao, mahali pale penye upenyo ambapo panya wangepita kama mtaa ule ungekuwa na panya wembamba, kikasukumwa kipande cha mkate kwenye karatasi ya kukatia nguo. Fundi alikitazama muda mrefu kabla ya kukiokota.

Jua lilipolegea, sauti ikatangulia kama kawaida yake. Ilianzia mbali, kule kwenye kona, na ilikuwa inasoma.

"'Baba, kumbe ni simu,'" ilisema. "'Kumbe ni simu!'"

Mzee Pampu alikuja katikati ya barabara ameishika ile simu ndogo mbele ya uso, ovaroli yake ikiwa na maji mpaka magotini. Waendesha baiskeli wakampisha. Aliingia dukani bila hodi, bila salamu, akasimama mbele ya kaunta akaanza upya toka mwanzo, kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia, naye hakujua au hakujali.

"'Baba, kumbe ni simu. Kila siku uliniuliza chumba kikoje na kazi ikoje. Kila siku nikakujibu. Kesho yake unauliza tena vilevile. Nikajua ugonjwa wa kusahau umekuanza na mimi niko huku. Nikawa nakujibu kila siku kama mara ya kwanza, ili usijue kwamba nimejua. Ulipoacha kuandika nikajua sasa umenisahau na mimi. Nimelia juu ya vitunguu, wenzangu wakadhani ni vitunguu. Niliomba ruhusa nije, nimenyimwa. Baba, nakujibu tena, na hili ulihifadhi. Nimefika. Chumba ni kidogo. Kina dirisha moja linalotazama ukuta. Jioni nikiwa na upweke nautazama ukuta nauambia habari zako.'"

Akafika mwisho. Akamtazama Fundi kuona kama amesikia, yeye ambaye mtaa mzima ulikuwa umemsikia.

"Alikuwa ananijibu kila siku," akasema. "Kama mara ya kwanza. Ili nisione aibu."

Fundi alitikisa kichwa kukubali.

"Mwambie," Mama Pindo akasema nyuma ya ubao, na sauti yake ilikuwa na mafua ambayo asubuhi hayakuwepo, "mwambie binti huyo aniletee vipimo vya dirisha lake. Nitamshonea pazia."

Ilibidi Fundi ayarudie maneno hayo kwa kupaza, na mzee akayapokea kwa kucheka, mara ya kwanza, akifumba macho. Fundi akaona msichana wa kwenye picha alikotoa kicheko chake.

"Na ile mgonjwa?" mzee akauliza akishatulia.

"Haitengenezeki. Naweza kuzitoa picha, nikakutilia kwenye simu nyingine ukinunua. Lakini ile yenyewe haitafutika wala haitapokea kitu."

"Bado inawaka?"

"Inawaka."

"Basi nipe." Akaipokea kwa mikono miwili. "Mlinzi nitamtafutia nyingine. Hii kila nikiiwasha itaniambia, 'Baba, nimefika salama.' Kuna mambo mtu anaweza kuambiwa kila asubuhi asichoke."

Akaondoka, simu moja kila mfuko. Mwisho wa wiki hakwenda kwa msimamizi. Kamba alizifungua koki moja baada ya nyingine. Hilo Fundi alikuja kulijua baadaye.

Jioni ile alifunga duka kama kawaida. Mama Pindo aligonga ubao kumuaga, akaongeza, "Kesho usijifanye huna njaa." Nyumbani, kwenye chumba chake cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, alivua viatu, akawasha taa, akaweka simu yake juu ya meza. Chumba kilikuwa kilekile. Kiti kilikuwa kimoja. Dirisha lake halikutazama ukuta, lilitazama nyaya za umeme, na hakuwahi kuziambia habari za mtu.

Simu ikalia kwa ufupi. Akaichukua akijua itasema nini: fundi, ile yangu tayari?

Ilikuwa namba ya laini aliyoitia mwenyewe kwenye simu ya vitufe.

"Binti fundi," ujumbe ulisema, kwa herufi za mtu anayeandika kwa kidole kimoja. "Simu haina tatizo. Nilitaka kujua kama ujumbe unafika. Na kama umekula."

Fundi aliusoma amesimama. Kisha akaketi, akausoma tena. Kwa mazoea ya kazi kidole chake kilienda chenyewe kwenye kitufe cha kuzima, kuhakikisha, kama anavyohakikisha kila simu kabla hajamrudishia mwenyewe. Akaizima. Chumba kikawa giza kidogo bila mwanga wa kioo kile. Akaiwasha, akasubiri.

Ujumbe ulikuwepo.

"Umefika, baba," akaandika. "Bado sijala. Naenda kula sasa."